Gesi ya Jumatatu, mkaa wa Jumamosi

Na Mwandishi Wetu

*Nyumba nyingi za mjini sasa zina mtungi jikoni. Wageni wakizidi kumi, jiko la mkaa linarudi uani. Hapo ndipo safari ya nishati safi ya kupikia inapopata kigugumizi.*

SAA nne asubuhi, Jumamosi, uani kwa mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam. Jikoni ndani, mtungi wa gesi wa kilo 6 umeshachemsha chai, umekaanga mayai, umefungwa. Shughuli yenyewe iko nje. Majiko mawili ya mkaa yamekokwa chini ya mwembe, na kando yake kuna gunia lililofunguliwa asubuhi hii hii.

Wageni ni ishirini na kitu. Ni wanakikundi wanaozungukiana, ambao kila mwezi hukutana nyumbani kwa mmoja wao, pamoja na waume wachache na watoto ambao hakuna aliyewahesabu kwa sababu hawatulii mahali pamoja. Mchezo, ile fedha ya kuzungukiana, utatolewa alasiri. Kwa sasa kuna mchele wa kuchagua, viazi vya kumenya na thumu ya kutwanga, na kila anayeingia getini huvua viatu, hujifunga kanga kiunoni na kuuliza kisu kiko wapi.

Pilau ni ya kilo nane za mchele. Aliyekabidhiwa sufuria haongei sana. Anakaanga vitunguu hadi viwe kahawia iliyokolea, karibu na kuungua lakini visiungue, maana rangi ya pilau inatoka hapo, haitoki kwenye viungo. Thumu na tangawizi vinafuata, kisha binzari nyembamba, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga. Nyama inaingia na supu yake, viazi vinaingia, na mchele unaingia mwisho.

Maji yakishakaribia kukauka ndipo kazi yenyewe inapoanza. Moto wa chini unapunguzwa, makaa yanachotwa kwa koleo na kupaliwa juu ya mfuniko. Sufuria linaachwa hivyo, joto chini na joto juu, mpaka punje iwive bila kupondeka na ukoko ushike kitakoni. Hakuna anayefunua. Mtoto aliyejaribu kusogea amefukuzwa na sauti tatu kwa wakati mmoja.

Sasa chukulia kwamba asubuhi hiyo karani wa takwimu angebisha hodi na kuuliza nyumba hii inapikia nini. Angejibiwa: gesi. Na jibu lingekuwa la kweli, kwa kuwa Jumatatu hadi Ijumaa mkaa hauguswi hapa. Makala haya yanahusu siku mbili zinazobaki.

Nyumba moja, majiko matatu

Kwenye mikutano, mabadiliko ya nishati ya kupikia huelezwa kama ngazi. Mtu anaanza na kuni kwenye mafiga, anapanda kwenye mkaa, anapanda kwenye mafuta ya taa, kisha gesi, kisha umeme. Akipanda haangalii tena chini.

Jikoni haiko hivyo. Jipya linapoingia, la zamani halitoki, linasogezwa kona. Nyumba moja ya Mbagala au Kimara inaweza kuwa na jiko la gesi la plate mbili, birika la umeme na jiko la mkaa la udongo, na kila kimoja kina siku yake na chakula chake. Chai na mboga ya haraka ni gesi. Maharage na makande ni mkaa. Uji wa mtoto usiku ni chochote kilicho karibu.

Jiko lililowahi kutoka kweli ni lile la mafuta ya taa, jiko la mchina kama tulivyoliita. Halikuondolewa na kampeni yoyote. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta ya taa ulipandishwa sana ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, bei ikaruka, na majiko ya utambi yakaanza kuliwa na kutu chini ya vitanda. Walioyaacha hawakwenda wote kwenye gesi. Wengi walirudi kwenye mkaa, na lengo la ushuru ule halikuhusu jikoni hata kidogo.

Kabla ya hapo, Januari 2006, wakati nchi ikiwa katika ukame na mgawo wa umeme, Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa. Marufuku hayakudumu, baada ya wiki chache yaliondolewa. Miji ilikuwa haina kitu kingine cha kupikia.

> Jikoni, jipya linapoingia, la zamani halitoki; linasogezwa kona.

Ajenda inapanda jukwaani

Safari hii mambo yamekwenda kwa mpango zaidi. Novemba 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua kongamano la nishati safi ya kupikia jijini Dar es Salaam. Mei 8, 2024 akazindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Siku sita baadaye alikuwa Paris, akiwa mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa kwanza wa aina yake kuhusu Afrika, ambako serikali na kampuni ziliahidi dola bilioni 2.2 za Marekani.

Ukitaka kujua ukubwa wa kazi, angalia pa kuanzia: mwaka 2021, kaya zilizokuwa zikitumia nishati safi kama njia yao kuu ya kupikia hazikufika moja kati ya kumi.

Sababu za haraka hiyo zinajulikana. Serikali imekuwa ikitaja vifo takriban 33,000 kila mwaka vinavyohusishwa na hewa chafu ya majumbani. Kwa dunia nzima, Shirika la Afya Duniani limekadiria vifo milioni 3.2 kwa mwaka 2020. Misitu nayo inapotea kwa kasi inayokadiriwa kuwa hekta 469,000 kwa mwaka, ingawa tuseme ukweli: mkaa hauko peke yake kwenye hesabu hiyo, kilimo kinafyeka sehemu kubwa.

Hatua zilianzia kwenye masufuria makubwa ya umma. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku, yaani shule, magereza, vyuo na kambi, zilielekezwa kuachana na kuni na mkaa. Vijijini, Wakala wa Nishati Vijijini (REA) umesambaza mitungi ya kilo 6 kwa ruzuku, mnunuzi akilipa nusu ya bei.

Kwa hiyo kwa upande mmoja kuna bwalo la shule, linalopikia mamia. Upande wa pili kuna familia ya watu watano. Katikati, kwenye watu kumi na tano hadi hamsini, hakuna aliyepatazama. Na hapo ndipo Watanzania wanapotumia Jumamosi na Jumapili zao: ubarikio wa mtoto, komunyo, hitima, arobaini, kikundi, mkesha wa harusi, au ndugu tu waliopita kusalimia na kukuta chakula kinaiva.

Mtungi mdogo, sufuria kubwa

Mama wa Tabata hana ugomvi na gesi. Anaisifu. Ukimuuliza kwa nini hakupikia pilau, anacheka, kwa sababu anaona swali lenyewe limeulizwa na mtu asiyepika.

Sababu ya kwanza ni uzito. Kichomeo kinachofungwa juu ya mtungi wa kilo 6 kimetengenezewa sufuria ya familia. Kilo nane za mchele, pamoja na maji, nyama, viazi na sufuria lenyewe, ni mzigo unaokaribia kilo thelathini. Uutwishe mtungi mwembamba uliosimama kwa kitako chake kidogo, halafu aje mtu akoroge kwa mwiko mrefu. Ukiyumba, wa kwanza kuungua ni anayekoroga na mtoto aliye karibu naye.

Ya pili ni mwali wenyewe. Kichomeo kidogo hupiga katikati ya kitako na kuacha pembezoni. Kwa mboga, si kitu, unakoroga. Kwa wali, ambao haukorogwi, katikati panaungua wakati pembeni punje bado ngumu. Jiko la mkaa hutandaza joto kwenye kitako kizima, na makaa ya juu ya mfuniko humaliza yaliyobaki. Gesi haina cha kupalia. Wapo wanaokunja karatasi ya aluminiamu au kuweka kitambaa chini ya mfuniko ili mvuke usitoke, na wali unaiva vizuri tu, lakini kwa sufuria ya kilo mbili.

Ya tatu wengi huiona bila kujua wanachokiona. Gesi ya mtungi hukaa humo ikiwa kimiminika. Ili iwake lazima igeuke mvuke, na kila inapogeuka huvuta joto kutoka kwenye kuta za mtungi na hewa inayouzunguka. Ukiuachia moto mkubwa kwa saa nzima, mtungi mdogo hupoa haraka kuliko hewa inavyowahi kuupasha. Nje unatoka jasho. Msukumo unashuka, na mwali unanywea.

Hapo mwenye nyumba anautikisa mtungi, anasikia bado kuna kitu ndani, na lawama inakwenda kwa muuza gesi. Huenda anastahili, maana wauzaji wa mitungi pungufu wapo. Lakini mara nyingi gesi ipo. Haitoki kwa kasi inayotakiwa, basi. Ukipumzishwa, unarudi. Tatizo ni kwamba nyama iliyo jikoni haipumziki nao.

Baadhi ya watu, mwali ukinywea, huulaza mtungi ubavu au huukalisha kwenye maji ya moto. Yote mawili ni hatari. Mtungi uliolazwa unaweza kupeleka kimiminika moja kwa moja kwenye kichomeo, na mwali ukaruka kwa ukubwa ambao hakuna aliyeutarajia.

> Kilo nane za mchele juu ya kichomeo cha mtungi mdogo ni mzigo unaokaribia kilo thelathini.

Dawa ya yote matatu ipo, na mama lishe wameijua siku nyingi: jiko la chuma la chini, lenye miguu mipana na kichomeo kikubwa, linalounganishwa kwa mpira na mtungi wa kilo 15 au 38 uliosimamishwa mbali na moto. Mtungi mkubwa una kuta nyingi za kupokea joto, kwa hiyo haunywei upesi. Pita mchana kwenye vibanda vya chakula vya Kariakoo na utaona masufuria yanayozidi la kilo nane yakichemka juu ya majiko hayo.

Lakini mama lishe anapika kila siku, na jiko lake linamrudishia fedha. Nani atanunua jiko kubwa na mtungi wa kilo 38 kwa ajili ya ubarikio wa mara moja kwa mwaka?

Hesabu ya mfukoni

Kujaza mtungi wa kilo 6 Dar es Salaam kunadai zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Ukigawanya kwa siku, gesi mara nyingi haizidi mkaa, na kwa nyumba inayonunua mkaa wa kopo inaweza hata kuwa nafuu. Wanaofanya kampeni hupenda hesabu hiyo, na hawasemi uongo.

Isipokuwa mfuko wa mtu anayelipwa kwa siku haugawanyi hivyo. Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa ndoo, kwa gunia, hata kwa fungu dukani kwa jirani, na jirani hukopesha. Gesi ikiisha usiku wa tarehe 22, hakuna anayekuuzia ya shilingi 1,000. Ndiyo maana jiko la mkaa halitupwi hata na waliokwisha kuhama: ndilo akiba ya wiki ya mwisho wa mwezi.

Kampuni kadhaa zililiona pengo hilo na kuleta mitungi yenye mita, mteja akilipia kwa simu kile anachotumia. KopaGas ilianzia Dar es Salaam kwa utaratibu huo, na mwaka 2020 teknolojia yake ikanunuliwa na Circle Gas, iliyoipeleka Nairobi. Kwa mpishi wa kila siku ni ukombozi. Kwa shughuli ya Jumamosi, mita haiongezi ukubwa wa kichomeo.

Jirani zetu wa Kenya walitufundisha jambo kuhusu bei. Julai 2021 waliirudishia gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Malalamiko yakawa makubwa, mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8, na 2023 ikaondolewa kabisa. Jikoni haisubiri tamko la bajeti. Inasogeza jiko la mkaa kutoka kona.

Kuna kutoelewana kumoja ambako husikika kila mazungumzo ya bei yanapoanza. Watu huuliza: si tuna gesi yetu Songosongo na Mtwara, mbona ni ghali? Gesi asilia ya Songosongo, iliyoanza kuletwa Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2004, na ile ya Mnazi Bay huko Mtwara, kwa sehemu kubwa ni methani, na nyingi huishia kwenye mitambo ya umeme na viwandani. Ni nyumba chache tu zilizounganishwa nayo. Ya mtungini ni propani na butani, inaletwa kwa meli kutoka nje, na bei yake inafuata soko la dunia na dola. Majina yanafanana, mifuko inayolipia haifanani.

Na kabla hatujaondoka dukani: uzito wa mtungi mtupu umepigwa chapa kwenye mtungi wenyewe, na mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, inawataka wauzaji wawe na mizani. Dai upimiwe. Mtungi wa kilo 6 uliojaa unapaswa kuzidi ule uzito wa chapa kwa kilo 6, hakuna zaidi cha kujadili.

Wanaoutetea mkaa

Hoja ya ladha hutajwa kwanza, nami nitaimaliza haraka. Kwenye nyama choma na mishkaki ni ya kweli bila ubishi, kwa sababu mafuta yanadondokea makaa na moshi wake unarudi kwenye nyama. Kwenye pilau, nadhani watu wanasifia ukoko na joto la pande mbili, na wanakiita ladha ya mkaa. Waliokula pilau ya majiko makubwa ya gesi kwenye harusi za ukumbini hawakugundua chochote hadi walipoambiwa.

Hoja yenye uzito zaidi ni ya mahali. Jiko la gesi liko ndani, kwenye chumba ambacho watu watatu wakiingia wa nne anabaki mlangoni. Jiko la mkaa liko uani. Upishi unapohamia ndani, mpishi hubaki peke yake na wageni wanageuka watazamaji wa televisheni sebuleni. Wanakikundi wa Tabata huja mapema kwa sababu kuna kazi ya kufanya pamoja. Chakula kingekuwa kimeshaiva wangefika saa nane, wangekula, wangeondoka.

Mazungumzo ya juu ya ungo wa mchele hayafanani na ya mezani. Ya mezani kila mtu anaangaliwa usoni. Ya ungoni macho yako kwenye chuya, na mtu anaweza kusema kwamba mwanawe amefukuzwa kazi bila kulazimika kumtazama yeyote. Nani anahitaji mchango wa hospitali, binti wa nani amechumbiwa, nani amekuwa haonekani: hayo hujulikana kabla vitunguu havijaisha.

Lakini tusipake sukari. Anayepuliza moto kwa kipepeo ni nani? Aghalabu ni dada wa kazi, au mke mdogo wa kaka, au mpwa aliyeletwa kutoka kijijini kusaidia. Anaamka wa kwanza, anakoka majiko, macho yanamtoka machozi, na chakula kikipakuliwa anakula wa mwisho, kimepoa. Ukimuuliza yeye kati ya mkaa na gesi, hatajibu kwa habari za ushirika wa uani.

Kisha kuna hatari isiyo na harufu. Mvua ikinyesha shughuli ikiwa katikati, majiko huingizwa barazani au ndani, milango ikafungwa. Makaa yanayowaka bila moshi bado yanatoa gesi ya kaboni monoksidi inayoua kimya, na msimu wa baridi, hasa mikoa ya nyanda za juu, huja na habari za familia zilizolala na jiko ndani zisiamke.

> Anayepuliza moto kwa kipepeo ni nani? Ukimuuliza yeye, hatajibu kwa habari za ushirika wa uani.

Upande mwingine wa utetezi uko mbali na mjini. Gunia lililofunguliwa uani limetoka Pwani, Morogoro, Tanga au Lindi, na nyuma yake kuna mchomaji aliyelala porini akilinda tanuri. Tanuri la kienyeji la udongo na majani hupoteza mti mwingi: kilo kumi za kuni kavu kwa kawaida hazitoi hata kilo mbili za mkaa. Ni biashara mbaya kwa msitu, na ni mlo wa kila siku kwa aliyeko huko.

Wilayani Kilosa lilifanyika jaribio la kuutengeneza mkaa badala ya kuufukuza. Kuanzia 2012, kupitia mradi wa mashirika ya uhifadhi wa misitu ya TFCG na MJUMITA uliofadhiliwa na Uswisi, vijiji vilitenga sehemu ndogo ya msitu wao na kuigawa vitalu. Kitalu kikivunwa hupumzishwa miaka 24, visiki vichipue. Ushuru ulibaki kijijini, na vipo vijiji vilivyojenga madarasa na zahanati kwa fedha hizo. Kwa watu hao, gesi ya mjini ikishinda kabisa, swali linalofuata ni watauza nini.

Maharage kwa umeme, na kikundi chenye jiko

Upande ambao haukutarajiwa kusaidia ni umeme. Tulizoea kuambiwa umeme wa kupikia ni wa matajiri. Hilo lilikuwa kweli kwa jiko la plate la waya mwekundu. Jungu la presha la umeme ni habari nyingine: linafunga mvuke, lina kinga ya joto pembeni, na likishafika joto linalotakiwa hukata umeme lenyewe na kuurudisha kidogo kidogo. Maharage yanayokaa saa tatu kwenye mkaa hulainika humo kwa chini ya uniti moja. Na maharage na makande ndiyo yaliyokuwa yakila mkaa mwingi wa siku za kawaida.

Umeme wenyewe umeongezeka. Mitambo yote tisa ya bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwa jumla, ilikamilika mwaka 2025. Uhakika wa waya wa mtaani ni suala jingine, na hakuna atakayeweka pilau ya wageni ishirini kwenye kitu kinachoweza kuzimika saa sita mchana.

Mkaa mbadala nao umo. Rafiki Briquettes wa shirika la madini la Taifa, STAMICO, hutengenezwa kwa makaa ya mawe, huingia kwenye jiko lile lile na kubeba sufuria lile lile, na unaweza hata kuupalia juu ya mfuniko. Hauhitaji mtu abadili chochote isipokuwa muuzaji wake. Mimi naona hapo ndipo nguvu na udhaifu wake vilipo: msitu unapona kidogo, aliyeinama juu ya jiko anabaki pale pale.

Njia ambayo inanipa matumaini zaidi haikuandikwa na mtaalamu. Vikundi vya mtaani tangu zamani vina mali ya pamoja. Vina turubai, viti vya plastiki, masinia, mabakuli, masufuria ya kilo nane na ya kilo kumi, na mtu anayetunza daftari la nani amechukua nini. Mwanachama akiwa na shughuli hachangiwi fedha tu, anapelekewa vyombo. Ambaye si mwanachama hukodishiwa, na fedha inaingia mfukoni mwa kikundi.

Kwenye orodha hiyo, jiko la chuma la kichomeo kikubwa na mtungi wa kilo 38 havina ugeni wowote. Ni chombo kingine cha kuazimana. Mtu mmoja hawezi kukinunua kwa shughuli moja ya mwaka. Watu thelathini wanaozungukiana wanaweza, na kila wiki kitakuwa na kwao. Kinawekwa uani, chini ya mwembe ule ule, kwa hiyo ungo wa mchele hauondoki. Wapo walioanza hivyo. Ruzuku inayotolewa leo kwa mtungi wa kilo 6, mmoja kwa kila kaya, ingefanya kazi zaidi kama sehemu yake ingepelekwa kwa vikundi vya namna hii, pamoja na mafunzo ya nusu siku ya kufunga mpira na kukagua uvujaji kwa povu la sabuni.

Ufundi wa wali nao una njia. Wapishi wa shughuli wanaotumia gesi huweka bati nene chini ya sufuria maji yakishakauka, ili mwali usipige moja kwa moja, hufunika kwa karatasi ya aluminiamu kabla ya mfuniko, na kuweka kitu kizito juu. Ukoko unashika. Bibi mmoja au wawili watasema si sawa na kupalia, na watakula.

Itabaki mishkaki. Hiyo haina mbadala wa gesi unaostahili kujaribiwa, na sioni haja ya kuutafuta. Ndoo moja ya mkaa inachoma nyama ya kutosha ua mzima, wakati sufuria la pilau, la maharage na la maji ya chai yangemaliza sehemu kubwa ya gunia. Mkakati ukipata masufuria hayo matatu, wanaume wanaosimama kuzunguka wavu na kubishana kama nyama imeiva wanaweza kuachiwa ndoo yao.